Adui wa Kuzimu Ana Jina Lake: Zimwi

Katika orodha ya istilahi za michezo ya uhusika inayozunguka kwenye simu za wachezaji wetu, yule adui mkuu atokaye nje ya ulimwengu wa binadamu amepewa jina la "mhalifu wa ulimwengu mwingine". Ni maneno manne, na hakuna hata moja lililokaa mahali pake. Orodha yenyewe haina jina la mtu; inasema tu kwamba imepitishwa na kamati. Nilipoandika kuipinga nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba suala hilo limekwisha kufungwa. Halijafungwa.

Sitapoteza nafasi kueleza mchezo wenyewe. Anayesoma makala haya amekwisha kurusha dadu, anamjua msimulizi na kazi yake, na anajua kwamba tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, mchezo mzima umesimama juu ya adui. Adui akiwa dhaifu, wachezaji hupiga miayo. Ninachodai hapa ni jina, kwa sababu msimulizi hutunga kwa kulifuata jina alilopewa. Ukimpa "mhalifu", atakutungia mwizi mwenye pembe.

Tuanze na huyo mhalifu. Kitenzi chake ni kuhalifu, tulichokipokea kutoka Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya kuja nyuma na ya kwenda kinyume. Mzizi huohuo umetupa halafu, hitilafu na khalifa. Jamaa hao wote wana sharti moja: lazima kuwe na kitu kilichotangulia ndipo wao wakifuate au wakipinge. Khalifa humfuata aliyemtangulia, na mhalifu huivunja sheria aliyoikuta. Pasipo sheria hakuna uhalifu. Mtu akihalifu hapa Baraka, mjini kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, hukamatwa na polisi, faili lake likapelekwa parke, kwa mwendesha mashtaka. Sasa kiumbe aliyezuka kutoka chini ya ziwa, ambaye hakuzaliwa, hana kitambulisho wala chifu, amevunja sheria gani? Hana habari na sheria zetu, na hilo hasa ndilo linalotisha. Kumwita mhalifu ni kumpunguza hadi akaingia mahabusu.

"Ulimwengu mwingine" nao hausaidii. Ukimwambia mtu wa Baraka kwamba fulani ametoka ulimwengu mwingine, atadhani unamsema ndugu aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha akapandishwa ndege kwenda Marekani. Tunao watu wengi wa namna hiyo, na hakuna zimwi kati yao.

Kuna pendekezo la pili, ambalo mtungaji wake amelisifu mwenyewe kwa maneno mengi: "adui mgeni". Hili nalipinga kwa nguvu zangu zote, wala si kwa sababu ya sarufi. Katika Fizi, eneo letu hapa Kivu, neno mgeni si la kuchezewa. Ubishi wa nani mwenyeji na nani mgeni umechoma vijiji vya pande zote, kuanzia nyanda za juu za Itombwe hadi huku chini, tangu kabla ya vita vya 1996 na hadi siku hizi. Vijana wanaokaa kwenye meza moja kucheza wanatoka katika nyumba zilizozika watu kwa sababu ya neno hilo. Msimulizi akiwazoeza, jioni baada ya jioni, kwamba mgeni ndiye adui na kazi yao ni kumuua, amefanya jambo baya, na udhuru kwamba ilikuwa dadu tu hautamsafisha. Aliyelipendekeza neno hili anaishi mbali na ziwa. Angetuuliza kwanza.

Wengine wamekimbilia jini, pepo na shetani. Jini lina wenyewe. Waislamu wetu, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka Ujiji pamoja na misafara, wanafundishwa kwamba majini wamo waumini na wamo makafiri. Kulifanya jina lote kuwa la adui ni kuwakosea. Shetani ni wa kanisani, na mchungaji akilisikia likitajwa mezani mchezo utapigwa marufuku kabla ya ibada ya Jumapili. Hata Wamarekani hilo liliwapata. Baada ya miaka ya lawama za wazazi na makanisa, toleo la pili la mchezo wao lilitoka mwaka 1989 bila mashetani, na waliporudishwa miaka miwili baadaye walikuwa wamevikwa majina ya kubuni, tanar'ri na baatezu. Kampuni ililazimika kubuni majina yasiyo na ukoo. Sisi hatuna haja hiyo, kwa sababu jina tunalo na ukoo wake ni mkubwa kuliko nchi yoyote moja.

Jina hilo ni zimwi.

Tazama nyumba lilimotoka. Mzimu ni roho ya aliyekufa. Mzimuni ni mahali pa kutambikia. Wazimu ni hali ya yule ambaye akili yake imeingiliwa. Kuzimu ni kwao mizimu, ile ku- ya mahali ikiwa imetangulia shina: kuliko na mizimu, kwenye makazi yao. Waliotafsiri Biblia walilichukua kuzimu kwa makao ya wafu na kuliacha jahanamu kwa moto wa adhabu, na walifanya vyema, maana kuzimu hakuna hukumu ndani yake; ni mahali tu, palipo na wenyeji wake. Kisha likaja zimwi, katika ngeli ya li- na ya-, ngeli ileile tunamotia jitu na joka, ambayo kwa Mswahili ni ngeli ya ukubwa na kitisho. Hakuna kamati iliyoupanga mpangilio huu. Lugha yenyewe imekwisha kututofautishia roho, mahali, ugonjwa na dubwana kwa shina moja.

Shina hilo halikuzaliwa pwani. Wanaisimu wanalirudisha hadi Kibantu cha kale. Wagikuyu wana irimu, dubwana la ngano zao. Wazulu wana izimu, mla watu. Wasotho na Watswana, kwa shina hilohilo, wanamwita Mungu Modimo. Wanyarwanda husema umuzimu. Mitaani hapa Baraka utasikia muzimu, kwa mu- yetu ya Kongo, na anayelisema hahitaji kamusi. Shina lililoweza kumpa mtu mmoja jina la Mungu na mwingine jina la mla watu linatosha kubeba kila kitu kisicho cha ulimwengu huu. Nani atasema hivyo kuhusu "mhalifu"?

Lakini ushahidi ninaoutegemea zaidi uko Kivu. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, alisimulia utendi wa Mwindo, ukaandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene na kuchapishwa mwaka 1969. Humo yumo Kirimu, joka la vichwa saba, ambaye jina lake ni shina letu hilohilo katika mavazi ya Kinyanga. Yumo pia Muisa, bwana wa kuzimu, ambaye Mwindo alimfuata huko akimsaka baba yake, akapewa kazi ngumu za kumkomesha. Anayetaka kujifunza kumtunga adui wa kuzimu na aanzie kwa Kirimu, si katika kitabu cha wanyama wa kutisha cha Wamarekani cha mwaka 1977. Kirimu aliwameza wawindaji wa Mwindo. Mwindo akamuua, kijiji kikala nyama, na mtu angedhani hadithi imeisha kwa ushindi. Hapana. Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, na Nkuba akashuka kumchukua Mwindo juu mbinguni akaonje ukali wa mvua na jua kwa ajili ya rafiki aliyeuawa. Shujaa alirudi amefundwa, amekatazwa kuua wanyama.

Hapo ndipo utunzi wenyewe ulipo. Mhalifu akiuawa kesi imefungwa. Zimwi likiuawa, mwenzake anauliza kwa nini. Lina urafiki, lina deni, lina miadi na nguvu nyingine ambazo wachezaji hawajaziona. Msimulizi anayeandika "zimwi" kichwani mwa karatasi yake hulazimika kujiuliza: ni rafiki wa nani? Huyo wa "mhalifu" atajiuliza tu ameiba nini.

Na methali imekwisha kutueleza sehemu iliyobaki: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wanaolipinga neno langu husema zimwi ni la kutishia watoto, lisilofaa watu wazima. Waisome methali hiyo kama watu wazima. Inasema zimwi linakula. Kujuana nalo hakukuokoi, kunakubakiza nusu tu. Inasema pia kwamba zimwi laweza kukujua, yaani limetoka kuzimu na bado linalijua jina lako. Adui wa mbali asiyekujua ni hatari ya kawaida, kama radi. Adui asiye wa dunia hii aijuaye familia yako ni jambo jingine kabisa.

Nitaonyesha kwa zimwi moja nililolitunga mwenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na chini ya mita kama 200 maji yake hayana oksijeni: samaki hawaishi huko. Kuzimu kuko pale ziwani mbele yetu, na wavuvi wa ndagala hupita juu yake kila usiku wa giza wakiwa na taa. Zimwi langu linakaa chini ya mstari huo. Haligusi samaki wala mitumbwi. Linachukua taa. Mezani naweka punje za mahindi, kila punje ni taa moja ziwani, na kila dadu inapoangukia namba witiri naiondoa punje moja bila kusema neno. Wachezaji huachwa wahesabu wenyewe. Zimwi linayajua majina yao kwa sababu wavuvi huitana usiku kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na maji hubeba sauti. Punje zikibaki tatu, linaanza kuwaita kwa sauti za wale ambao taa zao zimezimika. Halina haja ya pembe. Wachezaji wakitaka kuliua nawaacha, kisha nawauliza ni nani aliyekuwa akiuzuia usiku usipande kutoka chini muda wote huo.

Neno moja la tahadhari kwa wasimulizi wetu. Sisi Wabembe tuna alunga, na kinyago chake cha nyuso mbili, chenye macho makubwa yaliyochimbwa ndani, kimekaa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Nimewaona vijana wakiichukua picha hiyo na kuifanya sura ya adui wao. Waache. Alunga ni chama cha wazee wetu na kina miiko yake. Si zimwi, na kukigeuza dubwana la kukatwa upanga ni kuwasaidia waliowaambia babu zetu kwamba kila chao kilikuwa cha shetani. Zimwi ni la ngano, na ngano ni mali ya kila mtu. Tunga humo.

Limeletwa pingamizi moja lenye uzito, nami nalijibu kwa heshima. Kuzimu ni chini. Je, adui atokaye nyotani, kama wale wa mchezo wa Call of Cthulhu wa mwaka 1981, naye ni zimwi? Ndiyo. Shina -zimu linataja aina ya kiumbe, halitaji upande alikotokea. Nkuba wa Wanyanga anakaa juu, Muisa chini, Kirimu msituni, na msimulizi aliwapitisha wote katika hadithi moja bila kuwatungia jina jipya kwa kila ghorofa. Aliye binadamu, mfalme dhalimu au mlanguzi wa silaha, mwite hasimu, neno zuri tulilolipokea kwa Waarabu lenye maana ya anayeshindana nawe. Zimwi ni hasimu, ila si kila hasimu ni zimwi.

Matumizi ni mepesi: zimwi limekuja, mazimwi yamekuja, zimwi kuu la msafara. Nimesema msafara, kwa kuwa "kampeni" huku kwetu ni ya uchaguzi au ya chanjo.

Kwa wasimulizi wa Baraka, wa Fizi, wa Uvira na wa kambini: futeni "mhalifu wa ulimwengu mwingine" katika karatasi zenu, na "adui mgeni" lisiingie kabisa mezani kwenu. Na yeyote atakayeiandika upya orodha ile, aandike jina lake mwenyewe chini yake.