Kinyago cha Rangi Kilitangulia Cheusi

Wauzaji wengi wa vinyago, na waandishi kadhaa wa sanaa, hushikilia kwamba kinyago halisi cha Mmakonde ni cheusi, cha mpingo, na kwamba vijitu vya rangi kali vya msanii wa Tanzania George Lilanga ni kazi ya kuwafurahisha watalii. Historia inawakana.

Mpingo ndio uliokuja baadaye. Soko lake lilinenepa enzi za ukoloni, Wamakonde wengi walipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Mapiko, vinyago vilivyotangulia, vya kuvaliwa kichwani katika ngoma za jando, huchongwa kwa mti mwepesi, hupakwa rangi, hubandikwa nywele za binadamu, na chale zake hufinyangwa kwa nta ya nyuki. Mjerumani Karl Weule alizikuta ngoma za vinyago kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906. Kitabu chake cha 1908, pamoja na kiburi chake chote cha kikoloni, kinawafaa wanaodhani uchongaji wa Wamakonde ulizaliwa dukani.

Mtindo wa shetani, wa vinyago vya pepo, huhesabiwa kuanza na mchongaji Samaki Likankoa miaka ya 1950, na sifa nyingi humwendea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyezinunua kazi za Samaki. Peera alifungua soko. Mashetani wenyewe walikuwa wakisimuliwa vijijini zamani.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huko Kikwetu, Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, akiwa mlinzi. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa msanii hapohapo. Tayari mchoraji Edward Saidi Tingatinga alikuwa ameonyesha, tangu 1968, kwamba rangi ya mafuta ya kung'aa, ya kupaka baiskeli, inatosha kwa sanaa. Lilanga akaihamishia kwenye mti laini. Rangi hiyo ikikauka huwa ngumu, kwa hiyo nukta ya njano hukaa juu ya buluu bila kuichafua. Ndipo mashetani wake wenye masikio makubwa, matumbo yaliyotuna na vidole viwili vitatu walipopata nguo za madoadoa, wakapanda basi, wakaenda hospitali, wakagombana. Hayo ni maisha ya mjini yaliyotazamwa kwa jicho kali, na mpingo mtupu usingeyabeba yote.

Kazi zake zilionyeshwa Washington mwaka 1978. Eti msanii wa New York, Keith Haring, aliiga kwake? Dai hilo huwanufaisha wauzaji tu. Lilanga hahitaji shahidi kutoka New York.

Kisukari kilimkata miguu, naye akaendelea kufanya kazi na wasaidizi hadi alipofariki mwaka 2005. Majina ya wasaidizi hao hayaonekani kwenye lebo nyingi. Makumbusho na wakusanyaji wayaandike sasa. Nasi wa Arua na Koboko, Uganda, tuanze na kina mama wa Kinubi wanaosuka vikapu na mikeka ya rangi: tuwaulize majina yao na ya waliowafundisha, wangali hai.