Kinoo cha Seremala: Habari Zake Tangu Zamani

Kitabu cha kwanza cha Samweli, katika sura ya 13, chatuambia kwamba Waisraeli hawakuwa na mhunzi hata mmoja nchini mwao. Iliwalazimu kuwashukia Wafilisti, adui zao, kunoa majembe na mashoka, tena kwa malipo. Ndivyo kitu kidogo kinavyoweza kulifunga taifa zima. Basi, twaona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu habari za kinoo, kwa maana seremala asiyejua kunoa patasi yake, kazi yake imo mkononi mwa mwingine.

Plinius, mwandishi Mroma aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aligawa vinoo kwa kitu kinachotiwa juu yake. Vya Kreta na vya mlima Taygetus, katika nchi ya Wagiriki, vyataka mafuta; vya kisiwa cha Naxos vyataka maji; vingine vya Hispania vilitumika kwa mate katika nyumba za vinyozi. Hata leo mafundi wauliza kwanza: maji au mafuta? Maana yake ni hii: kitu hicho huchukua unga wa chuma, usizibe uso wa jiwe. Lakini jiwe lililokwisha kunywa mafuta halifai tena kwa maji.

Huko Ubelgiji, katika milima ya Ardennes karibu na Vielsalm, lapatikana jiwe la manjano liitwalo coticule. Jina hilo latoka katika neno la Kilatini la kinoo kidogo. Ndani yake mna chembe ndogo sana za garneti, nazo ndizo zinazokula chuma polepole na kuacha makali laini. Tabaka lake ni jembamba, kwa hiyo mafundi hukata kipande na kukigandisha juu ya jiwe jingine gumu, kisivunjike. Vinyozi wa nchi nyingi walilipenda kwa nyembe zao.

Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alichoma udongo na makaa kwa nguvu za umeme, akitumaini kupata almasi. Almasi hakuipata. Alipata chembe zenye kung'aa, ngumu mno, akaziita carborundum. Tangu hapo kinoo chaweza kutengenezwa kiwandani, chembe zake zikiwa za kipimo kimoja, na bei yake yapungua.

Seremala achague namna gani? Fundi mwenye fedha kidogo aanze na jiwe moja la kiwanda lenye nyuso mbili: uso mkavu wa kuondoa mapengo, na uso laini wa kumalizia. Kabla ya kulinunua aweke rula juu yake na kutazama mwanga chini. Jiwe lililobonyea katikati hupinda makali ya chuma cha randa, na ubao hautanyooka. Likibonyea baadaye, alisugue juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo. Tena asiusahau mgongo wa patasi: makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa mbaya, kazi ya mwingine ni bure.

Jiwe hilo moja, likitunzwa vizuri, latosha fundi asishuke tena kwa Wafilisti.