Ukikataa, Utakwenda Wapi?

Rubani wa shirika kubwa la ndege la Marekani huishi na namba. Huipata siku anayoajiriwa, akiwa mkiani mwa orodha, kisha hupanda kadiri waliomtangulia wanavyostaafu. Namba hiyo ndiyo huamua ataendesha ndege ya aina gani, ataketi kiti cha kapteni au cha msaidizi wake, Krismasi itamkuta kwake au hotelini. Kampuni ikipunguza watu, wa mkiani ndio hutangulia kutoka. Na akihama, namba haihami naye. Hata awe amekaa hewani saa 15,000, huko aendako ataanza mkiani, kwa mshahara wa mgeni. Wahudumu wana orodha yao, na mafundi wana yao.

Orodha hii ya ukongwe ililetwa kumkinga mfanyakazi na upendeleo wa mabosi, na kazi hiyo imeifanya. Ila imemfunga vilevile. Fundi wa magari akikatwa mshahara huvuka barabara akaomba kazi gereji ya pili. Kapteni wa miaka 50 hana barabara ya kuvuka. Ndiyo maana kila shirika la ndege linapowaita watu wake na kuwaomba wakubali kupunguziwa mshahara, mezani huwa pameshatangulia swali lisiloandikwa kwenye karatasi yoyote: ukikataa, utakwenda wapi?

Kwa miongo kadhaa swali hilo halikuwa na makali. Chama cha marubani, ALPA, kiliundwa mwaka 1931 chini ya David Behncke. Mwaka 1936 Bunge likayaingiza mashirika ya ndege katika sheria ya kazi za reli ya 1926, ambayo huzuia mgomo mpaka usuluhishi uishe, nao usuluhishi hauna tarehe ya kuisha. Kuanzia 1938 serikali ikawa inapanga nani aruke wapi na kwa nauli gani. Mishahara ikipanda, nauli ilipandishwa, abiria akalipa. Neema hiyo haikuwafikia wote: wahudumu wa kike waliachishwa kazi wakiolewa, na katika baadhi ya mashirika wakifikisha miaka 32, hadi sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipowapa pa kushika.

Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoufungulia usafiri wa anga ushindani. Aliyeipigania zaidi serikalini alikuwa Alfred Kahn, profesa wa uchumi aliyekuwa akiongoza bodi ya serikali iliyokuwa ikipanga nauli hizo, na ambaye alitaka ife. Wasafiri walinufaika, hilo halina ubishi. Lakini mashirika mapya yaliingia sokoni bila vyama vya wafanyakazi na kwa mishahara midogo, na yale makongwe yakajikuta yanashindana nayo yakiwa na mikataba ya zama za nauli za serikali. Mafuta yakapanda mwaka 1979. Uchumi ukadorora, na mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ukapita asilimia 10. Braniff ya Texas ilikuwa imeshasimamisha ndege zake Mei mwaka huo. Kabla ya hapo, Agosti 1981, Ronald Reagan alikuwa amewafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma. Hao walikuwa watumishi wa serikali, si wa mashirika, lakini somo lilifika kila karakana ya ndege nchini.

Mwaka 1983 wakubwa wawili walijaribu njia mbili. Robert Crandall wa American Airlines hakugusa mshahara wa mtu aliyekuwa kazini. Alipendekeza watakaoajiriwa baadaye walipwe kwa ngazi ya chini, na wa zamani wakapiga kura ya ndiyo. Haikuwa kura ngumu. Waliokuwa wanakatwa hawakuwa wameajiriwa bado, na asiyeajiriwa hana kura. Frank Lorenzo wa Continental hakuwa na subira hiyo. Tarehe 24 Septemba aliiingiza kampuni katika ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, akawasimamisha watu wapatao 12,000, akawarudisha kama 4,000 kwa takriban nusu ya mishahara yao, na ndege zikaanza kuruka tena siku tatu baadaye. Marubani waligoma kwa miaka miwili. Wengi wao walirudi kazini mgomo ukiwa bado unaendelea, kwa sababu rehani ya nyumba haingoji mshindi apatikane. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 1984 ili mwajiri asiweze kuvunja mkataba wa chama kirahisi hivyo mahakamani. Ikawa ngumu zaidi kidogo, basi.

Kisa cha Eastern Airlines ndicho hutajwa kila wafanyakazi wanapoonywa wasiwe wakaidi. Mkuu wake alikuwa Frank Borman, mwanaanga aliyeongoza Apollo 8 kuuzunguka mwezi. Alianza kuomba wafanyakazi wajifunge mkanda tangu katikati ya miaka ya 1970, na walikubali mara nyingi. Mwaka 1983 walipunguziwa tena mishahara, safari hii wakipewa kama robo ya hisa za kampuni na viti katika bodi. Kimojawapo alikikalia Charlie Bryan, kiongozi wa mafundi na wapakiaji mizigo.

Februari 1986 fedha zilikuwa zimekwisha tena. Borman aliwaambia wachague moja: mishahara ikatwe kwa asilimia 20, kampuni iuzwe kwa Lorenzo, au ifilisike. Marubani na wahudumu walikubali usiku ule ule. Bryan alikuwa tayari kwa asilimia 15, kwa sharti kwamba Borman aondoke. Bodi haikulikubali sharti hilo, na alfajiri ilikuta Eastern imeuzwa kwa mtu yule yule ambaye kila mfanyakazi alikuwa amemwona akiivunja Continental.

Wanaosema Bryan aliizika Eastern kwa kumchukia mtu mmoja husahau kwamba alikuwa akiwasemea watu waliokuwa wameshatoa karibu miaka kumi mfululizo, na kila walipotoa waliambiwa hii ni ya mwisho. Lorenzo naye hakuja kuitibu kampuni. Alianza kuhamishia mali za Eastern katika kampuni zake nyingine, ukiwemo mfumo wa kukatia tiketi. Mchunguzi aliyeteuliwa na mahakama baadaye alikuta walakini katika sehemu kubwa ya mauzo hayo. Safari za kati ya New York, Boston na Washington ziliuzwa kwa Donald Trump. Mafundi waligoma tarehe 4 Machi 1989, marubani na wahudumu wakawaunga mkono, na siku tano baadaye Eastern ikakimbilia mahakamani. Jaji alimwondoa Lorenzo mwaka uliofuata, ila kampuni ilikuwa imeshaishiwa damu. Ilifungwa Januari 1991. Pan Am ikaifuata Desemba mwaka huo huo, na marubani wenye mvi wakafurika katika soko lisilo na nafasi, kila mmoja akiwa na namba isiyotambuliwa popote.

Baada ya hapo likaja jaribio lililoonekana la kiungwana kuliko yote. Mwaka 1994 marubani, mafundi na watumishi wa ofisi wa United walikubali kupunguziwa takriban dola bilioni 4.9 kwa kupewa asilimia 55 ya hisa. Wahudumu hawakujiunga. Waliojiunga walicheka miaka michache, hisa zikipanda. Lakini hisa hizo hazikuwa za kuuza upendavyo. Zilifungiwa katika akiba ya kustaafu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, United na American zilitangaza kila moja kupunguza watu kama 20,000, na tarehe 9 Desemba 2002 United ikaomba ulinzi wa mahakama. Karatasi za wenye kampuni hazikuwa na thamani tena. Mwaka 2005 jaji akairuhusu United iachane na mifuko yake ya pensheni na kuutwika mzigo mfuko wa dhamana wa serikali, wenye ukomo wa malipo. Kwa hiyo rubani wa United alipoteza sehemu ya mshahara, kisha hisa alizozinunua kwa mshahara huo, kisha sehemu ya pensheni.

American ilikwepa mahakama wakati huo. Aprili 2003 vyama vyake vitatu vilikubali kutoa takriban dola bilioni 1.6 kwa mwaka, kwa kura zilizobana. Wakati wino haujakauka ikafahamika kwamba wakubwa wa kampuni walikuwa wamepangiwa bonasi za kuwabakisha, na pensheni zao kuwekwa mahali ambapo wadai wasingezifikia hata kampuni ikifilisika. Wafanyakazi walighadhibika, na mkuu wa kampuni, Don Carty, akajiuzulu kabla mwezi haujaisha. Makato yenyewe, baada ya kupunguzwa makali kidogo, yalibaki. Hasira walikuwa nayo. Pa kwenda hawakuwa napo.

Mafundi wa shirika la Northwest, wapatao 4,400, waliamua mwaka 2005 kwamba bora wagome. Kampuni ilikuwa imeandaa watu wa kushika nafasi zao mapema, vyama vingine havikusimama nao, na ndege zikaendelea kuruka. Mwaka uliofuata Northwest iliwagawia baadhi ya wafanyakazi kijitabu cha namna ya kubana matumizi, kilichowashauri, pamoja na mengine, wasione haya kuokota kitu kizuri jalalani. Iliomba radhi.

Huku kwetu hesabu ni ile ile, ila barabara ya kuvuka imewahi kuwepo. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946, ilikufa mwanzoni mwa 1977, mwaka ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kenya na Tanzania zikaanzisha mashirika yao mwaka huo huo. Katika miaka ya 2010 marubani wa Kenya Airways walikuwa wanaondoka kwenda Ghuba, kwa mishahara mikubwa isiyokatwa kodi. Huko hakuna chama wala mgomo, lakini fedha ilikuwa nzuri, na waliobaki Nairobi walikuwa na la kujibu wakiulizwa watakwenda wapi. Kisha korona ikafika. Emirates yenyewe ilikata mishahara ya msingi kwa asilimia 25 hadi 50, na ikapunguza watu. Barabara ikazibwa. Kenya Airways nayo ilikata mishahara na kusimamisha mchango wake katika mfuko wa akiba wa marubani. Novemba 2022, safari zilipokuwa zimerudi, marubani waligoma kudai mchango huo urejeshwe. Mahakama iliwaamuru warudi kazini, wakarudi.

Marekani, janga hilo lilizaa jambo ambalo mameneja hawakulitarajia. Serikali ilitoa dola bilioni 25 za kulipa mishahara ya mashirika ya abiria hadi mwisho wa Septemba 2020. Siku iliyofuata American ikawasimamisha watu 19,000 na United 13,000. Ili kupunguza gharama, mashirika yalikuwa yamewapa marubani wazee malipo ili wastaafu mapema. Wasafiri waliporudi, marubani hawakutosha. Kumfundisha rubani huchukua miaka, na sheria ya Marekani inamtaka kwa kawaida awe na saa 1,500 hewani kabla ya kuajiriwa na shirika la abiria. Kwa mara ya kwanza tangu Carter, swali likageuka: tukiwanyima, tutampata nani? Machi 2023 marubani wa Delta waliidhinisha mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne, na wenzao wa American na United wakapata inayokaribiana nayo.

Kwa mhudumu wa ndege swali halikugeuka. Yeye hufundishwa kwa wiki chache, na kila tangazo la nafasi huvuta maelfu ya waombaji. Kwa desturi ya mashirika ya Marekani saa yake ya mshahara ilikuwa ikianza kuhesabiwa mlango wa ndege ukishafungwa. Muda wa kuwapakia abiria na kugombana na mabegi yao ulikuwa bure, hadi Delta ilipoanza kuulipa nusu mwaka 2022. Wahudumu wa American, waliokatwa pamoja na wengine 2003, walipata mkataba wao mpya Septemba 2024, mwaka mzima baada ya marubani. Wale wa United walipiga kura Julai 2025 juu ya mkataba uliopendekezwa, na asilimia 71 wakaukataa. Wakarudi mezani, mishahara ikiwa bado ni ya mkataba wa zamani.