Kigae cha Muhima

Mwaka jana nilipata kibarua cha siku chache Muhima, pale mteremko unaposhuka kutoka mjini kwenda Nyabugogo. Tulikuwa tunachimba msingi wa nyumba. Siku ya pili sururu yangu ikatoa kigae cha chungu, chekundu nje, cheusi ndani, kina mistari shingoni. Nikakiinua kumwonyesha kapita. Akacheka: "Wewe tunakulipa kwa udongo au kwa vyungu?" Vigae vingine vikaenda na toroli. Hicho kimoja nikakitia mfukoni.

Labda ni cha bibi fulani aliyevunja chungu chake miaka ya juzi tu. Lakini kilinikumbusha habari ya Luzira.

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Luzira, Kampala, wafungwa walikuwa wanachimba kwenye ujenzi wa gereza. Majembe yao yakagonga sanamu za udongo wa kuchoma: kichwa cha mtu, vipande vya mwili, na vigae vingi. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda wakati huo, akavipeleka, na mwaka 1931 vikaingia British Museum, London. Kichwa kile kiko huko mpaka leo. Ukisoma habari zake utakutana na jina la Wayland. Waliokitoa ardhini wanaitwa tu "wafungwa".

Tena kulikuwa na hasara nyingine. Waliokuwa wanachimba walitaka msingi, si historia. Habari za namna vilivyolala ardhini hazikuandikwa vya kutosha. Kwa hiyo umri wa kichwa ukabaki kitendawili kwa miaka mingi. Ni mwaka 2008 ndipo Andrew Reid na Ceri Ashley walipochapisha utafiti wao, wakisaidiwa na vile vigae ambavyo watu hawavitazami mara mbili. Kichwa kina takriban miaka 1000. Mnaona? Sanamu nzuri ilikaa kimya, vigae ndivyo vikasema.

Na vigae vya eneo letu vina mengi ya kusema. Kuna aina wanayoiita Urewe, jina la mahali huko Siaya, magharibi mwa Kenya. Vyungu vyake vingi vina kishimo kidogo kwenye kitako, kama mfinyanzi alibonyeza kidole gumba kabla udongo haujakauka. Vya zamani zaidi vimepita miaka 2000. Vimepatikana kandokando ya Ziwa Victoria, Buhaya, Burundi, hapa Rwanda, na Kivu kwetu. Karibu na Butare zimechimbuliwa tanuru za kuyeyushia chuma za watu hao hao. Ninyi wa kambi ya Mugombwa, hapo si mbali sana na kwenu.

Sasa fikirini. Mpaka wa Kongo na Rwanda ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, na wazungu, mezani. Vyungu vilikuwa pande zote mbili zamani sana kabla ya hapo, kishimo kile kile, mistari ile ile.

Lakini tusikimbilie. Sisemi mtu achukue kigae aende kudai shamba. Chungu hakisemi aliyekifinyanga aliongea lugha gani. Kuna wakati wasomi walijaribu kugawia kila kabila vyungu vyake, na sisi tulioko hapa tunajua mambo ya kugawa watu yanaishia wapi. Kigae kinasema jambo dogo tu: watu walipika hapa, walifua chuma hapa, walihama, walijifunza kwa jirani. Hilo dogo linanitosha.

Hapa Rwanda kuchimba kuna uzito wake pia. Mwaka 2018, Kabuga, nje kidogo ya mji, yalipatikana makaburi ya halaiki ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, miaka 24 baadaye. Familia zilikuja kutafuta wao kwa nguo. Ukikuta mfupa, simamisha kazi, toa taarifa kwa viongozi. Hapo hakuna mjadala.

Ukikuta kigae, nacho usikitupe kwenye toroli. Kambini tunachimba kila siku: vyoo, mitaro, misingi. Andika mahali, andika kina, hata kwa kalamu ya mtoto wa shule. Kiache palipo kama inawezekana, kisha wapelekee habari watu wa makumbusho ya Huye. Na ninyi ndugu wa mashirika mnaosimamia ujenzi, mwambieni kapita asicheke.

Mimi yangu sikuandika chochote. Kigae kiko dirishani kwangu, kizuri, lakini nimeshakitoa kwao. Sasa hata kina chake sikumbuki. Nilifanya kama walivyofanya Luzira. Na andikeni pia jina la aliyechimba.