Kipindi cha 9: Dawa Hizi Zilitufikiaje?

Leo tuache kidogo habari za uji na chanjo. Tuangalie jambo unalolikuta kila ukienda kliniki ya wajawazito. Nesi anakueleza kuhusu kipimo cha virusi vya UKIMWI, unakubali, unatobolewa kidole. Virusi vikipatikana, unaanzishiwa dawa bila kusubiri udhoofike, na dawa zenyewe hulipii. Msichana wa Mtopanga aliye na mimba yake ya kwanza anaweza kudhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Hayakuwa hivyo, na waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanakumbuka.

Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya aliripotiwa mwaka 1984. Kwa miaka mingi wakubwa hawakupenda kuutaja ugonjwa huu kwa sauti. Sababu moja ilikuwa hofu ya kufukuza watalii, na sisi wa hapa tunajua hoteli za Bamburi na Shanzu zinalisha nyumba ngapi. Sera ya kwanza kamili ilipita Bungeni mwaka 1997. Novemba 1999 Rais Moi akatangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na baraza la kitaifa la kupambana nao likaundwa. Baadaye kidogo vikafunguliwa vituo vya kupimwa kwa hiari, vile vya VCT.

Lakini watu waliuliza, tena kwa haki: nikishajua, nifanye nini? Dawa za kupunguza makali zilikuwepo duniani, ila mwaka 2000 zilikuwa zikiuzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani Kisauni angezilipa? Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema inaweza kuwauzia madaktari wa mashirika ya misaada dawa za aina hiyo hiyo kwa dola 350 kwa mwaka. Tatizo likawa sheria. Kampuni iliyogundua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza peke yake kwa miaka kadhaa. Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, iliyofungua mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu. Mwaka 2002 kikapenyezwa kifungu cha kutaka ruhusa ya mwenye hataza kwanza. Watetezi wa wagonjwa wakapiga kelele, na kifungu kikaondolewa mwaka huo huo.

Hapa Mombasa, hospitali kuu ya mkoa, ile tunayoiita Makadara, ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za serikali kutoa dawa hizi, mwaka 2003. Kutoka Mtopanga ilikuwa ni kupanda matatu na kuvuka daraja la Nyali, na mgonjwa alichangia pesa. Mwaka 2006 serikali ikaondoa malipo ya dawa katika hospitali zake.

Kwa watoto, kuchelewa kulikuwa na bei kubwa zaidi. Bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na virusi hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Utafiti wa Mulago, Uganda, uliotolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama wakati wa uchungu, na matone kwa mtoto, hupunguza maambukizi kwa karibu nusu. Ilikuwa nafuu kubwa, ila mama mwenyewe aliachwa bila tiba. Mambo yalibadilika polepole mno, kwa maoni yangu. Ni mwaka 2014 ndipo Kenya ilipoanza kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha, na Julai 2016 ikawa kila anayepatikana navyo aanze dawa, bila kungoja kinga ishuke.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ilipitishwa mwaka 2006, na sehemu yake kubwa ikaanza kutumika 2009. Inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi, aolewe, aingie shule, asafiri au atibiwe. (Wasichana wetu waendao Arabuni hupimwa kwa masharti ya nchi zile, hilo ni jambo jingine.) Inataka upewe ushauri kabla na baada ya kipimo, na majibu yako yawe siri. Lakini ilikuwa na kifungu cha 24, kilichomtisha kwa jela anayejua ana virusi na akamhatarisha mwenziwe. Katika nyumba nyingi mwanamke ndiye hupimwa kwanza, kwa sababu ya kliniki, hivyo yeye ndiye hujua kwanza. Wengine waliogopa hata mama anayenyonyesha angeshtakiwa. Mahakama Kuu ilikifuta Machi 2015, kwa kuwa hakikueleweka vizuri.

Kesi ninayopenda mama yeyote aijue ni ya Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na virusi. Bunge lilitunga mwaka 2008 sheria dhidi ya bidhaa bandia. Nia ilikuwa njema, ila maneno yake yaliweza kuichukulia dawa halali ya bei nafuu kama dawa bandia, ikazuiwa bandarini. Watatu hao wakaenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo vinavunja haki ya uhai na ya afya iliyo katika Katiba ya 2010. Watu watatu tu, na dawa za maelfu zikaendelea kuingia.

Watoto nao walitetewa. Mwaka 2004 kituo cha Nyumbani cha Nairobi kiliishtaki serikali kwa sababu watoto wake wenye virusi walikuwa wakikataliwa shuleni, na wakakubaliwa. Mwaka 2015 ikatoka amri ya Rais ya kukusanya orodha ya wanafunzi wenye virusi. Desemba 2016 mahakama ikasema ni kinyume cha Katiba.

Usidhani yamekwisha. Mwaka 2021 shehena ya dawa ya msaada kutoka Marekani ilikwama bandarini hapa hapa Mombasa kwa mzozo wa kodi, na mahali pengi wagonjwa wakapewa za siku chache tu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kliniki nyingi zikatikisika.

Sasa neno kwa bibi anayelea mjukuu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 15, anayetia sahihi ya kupimwa ni mzazi au mlezi wa kisheria, na wengi wenu hamna karatasi za ulezi. Usirudi nyumbani kimya. Mweleze nesi kwamba wewe ndiye unayemlea, na umwone afisa wa watoto akusaidie na karatasi hizo. Kama mama yake alikuwa na virusi, mtoto mchanga apimwe akiwa na wiki sita, asingoje mpaka augue.