Vyakula na Vinywaji vya Wahaya: Mwongozo kwa Mgeni wa Bukoba na Muleba

Vyakula vya asili vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, vina chanzo kimoja kikuu, nacho ni kibanja. Kwa Mhaya, kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni na maharage huoteshwa pamoja na kurutubishwa kwa samadi na majani makavu. Mgeni akikifahamu kibanja, ataelewa karibu kila kinachowekwa mbele yake mezani.

Chakula kikuu ni ndizi za kupika, kwa Kihaya ebitoke. Zipo aina nyingi, miongoni mwake Nshakala, Enchoncho, Entobe na Enyoya, na wenyeji hubishana kwa dhati kuhusu ipi iliyo laini zaidi ikiiva. Pishi linalostahili kutangulia mengine yote ni ndizi zilizochanganywa na maharage, ebitoke n'ebihimba. Maharage hutangulizwa jikoni kwa kuwa hukawia kuiva. Ndizi zilizomenywa huongezwa baadaye, kisha chungu hufunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoke. Vijijini, kama katika kata ya Buganguzi wilayani Muleba, chakula hiki hupakuliwa juu ya jani la mgomba na kuliwa kwa mkono, jamaa wote wakiwa wamelizunguka. Hoteli za mjini nazo hukipika, lakini kilichopikwa kwa kuni hadi maharage yakaanza kuvunjika ndicho chenye ladha yenyewe. Inafaa kukiagiza mapema kwa mama lishe, maana si chakula cha dakika kumi.

Ziwa Victoria huchangia sato, sangara na dagaa. Sato wa kuchemsha pamoja na ndizi ni mlo mzuri, ingawa mgeni aliyetoka Mwanza hatauona kuwa jambo jipya.

Senene ni habari nyingine. Wadudu hawa jamii ya panzi huja kwa makundi makubwa wakati wa mvua, hasa mwezi Novemba na Desemba. Ng'ambo ya mpaka, Waganda huuita mwezi wa Novemba Musenene kwa sababu hiyo hiyo. Kwa desturi, wanawake na watoto waliwaokota alfajiri nyasini, umande ukiwa bado umewalemea mabawa. Siku hizi wengi hunaswa usiku kwa taa kali na mabati yanayowatelezesha hadi ndani ya mapipa. Huondolewa mabawa na miguu, kisha hukaangwa kwa chumvi na kitunguu, bila kuhitaji mafuta mengi kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe. Waliokaushwa hudumu muda mrefu, na ndio wanaofaa kuchukuliwa kama zawadi. Mtu ambaye mwili wake haupatani na kamba wa baharini ajihadhari, kwani huenda senene nao wakamdhuru.

Kahawa ya Kagera ilitafunwa kabla ya kunywewa. Muda mrefu kabla ya Wajerumani kufika, Wahaya walichemsha buni changa za robusta pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kumpa mgeni kama ishara ya heshima. Tunda moja la kahawa huwa na punje mbili, na punje hizo zilitumiwa katika kiapo cha undugu wa damu, kila mmoja akimeza yake. Hadi leo kahawa ya kutafuna huuzwa mitaani kwa vifurushi vidogo. Punje chache zatosha; anayezitafuna usiku asitegemee usingizi wa haraka. Kwa wapendao kikombe, kiwanda cha TANICA mjini Bukoba hutengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji ya moto.

Kinywaji cha sherehe ni lubisi. Ndizi za pombe huivishwa shimoni au juu ya moto wa jikoni, hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kisha maji yake huchujwa. Yakinywewa hapo hapo ni matamu na hayalevyi. Yakiongezwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa kwa siku moja au mbili, huwa lubisi, ambayo wazee huinywa kwa mrija kutoka kibuyuni. Isichanganywe na gongo, ambayo kuitengeneza na kuiuza bila leseni ni kosa kisheria.

Ndizi hizi zote ziko hatarini. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, ugonjwa unaosababishwa na bakteria, uliripotiwa Kagera. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na mkungu mzima haufai kwa chakula wala kwa pombe. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioambukizwa. Mkulima huung'oa, huyapitisha mapanga na visu kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine, na huvunja ua dume kwa mti wenye panda, kwa sababu wadudu wanaolifuata hubeba vimelea. Watafiti wa kituo cha TARI Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, hushughulikia zao hili. Kaya iliyopoteza migomba yake hulazimika kununua chakula ilichozoea kukikata nyuma ya nyumba, na hukosa pia lubisi ya kupeleka kwenye harusi na misiba.

Kwa hiyo mgeni anayetembezwa kibanjani asikate jani wala mkungu kwa kisu chake bila idhini ya mwenyeji, na asichukue chipukizi la kwenda kupanda kwao, hata likionekana zima. Senene waliokaushwa na kahawa ya kutafuna hupatikana katika soko la Bukoba, na vyote viwili husafiri vizuri.