Udongo wa Likasi na Nyumba za Baruti

Tangu zamani Basanga walichimba na kuyeyusha shaba katika inchi ya Likasi na Kambove, wala baruti hawakuihitaji. Baruti ilikuja na migodi mikubwa. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na mawe yake yalitaka kupasuliwa kila siku. Baadaye Likasi, iliyoitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ikapata na kiwanda chake cha baruti, Afridex.

Baruti ilale wapi? Nyumba yake haipendi jirani. Yataka fasi tupu kuizunguka, boma la udongo, chuma cha kukinga radi, na nyumba ya pili, mbali, kwa ajili ya fataki, kwa maana fataki na baruti hazilali pamoja. Hivi kibanda kimoja chala udongo mwingi.

Na udongo ulikuwa wa nani? Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema kwamba udongo usio na mwenyewe ni wa serikali. Mashamba yaliyopumzishwa na pori la kuwinda vilihesabiwa kuwa bure. Kiisha, tarehe 19 Juni 1900, ikaundwa Comité Spécial du Katanga, isimamie udongo wote kwa faida ya wawili: mafungu mawili kwa serikali, moja kwa Compagnie du Katanga. Comité ilikuwa na askari wake pia. Mwaka 1910 utawala ulirudi kwa koloni, askari wakaingia Force Publique, lakini udongo ulibaki kwa Comité. Toka hapo mwenye bunduki hakuwa msimamizi wa udongo. Kupata fasi ya kambi au ya baruti kulikuwa jambo la mapatano kati ya ofisi na ofisi. Basanga hawakuwa na kiti mezani.

Ordonansi ya tarehe 12 Februari 1953 ilitaka jirani waulizwe kabla ya kufungua fasi za hatari. Jambo jema; lakini mfanyakazi anayelala katika nyumba ya kompanyi, atajibu nini?

Sheria Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha udongo kwa serikali. Tena askari na udongo mkono mmoja. Lakini miji inakua, nyumba za watu zikikaribia boma. Ng'ambo ya mto, katika Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012, ghala la silaha la kambi ya Mpila lililipuka katikati ya mitaa. Walikufa watu zaidi ya 200. Ilikuwa siku ya Mungu, asubuhi.